Kirefu Usikifungie Bafta

Kila ikikaribia Krismasi, hoteli mbili tatu za Paje na Jambiani huniita niwafundishe wasichana wa maduka yao kufunga zawadi. Si elimu ya kujitapia, lakini naiweza kuliko wengi wanaojitapa. Huanza kwa kuwanyang'anya selotepu. Joto la Desemba linapopamba, selotepu huachia yenyewe, na mgeni hufika kwao na kifurushi kilichofumbua mdomo. Huwafundisha kusokota gazeti kama la muuza njugu na kulifunga kwa ukindu uliotiwa rangi. Kupasua gome kavu la mgomba liwe kamba. Kuchomeka kijiti cha mdalasini penye fundo ili zawadi inukie kabla haijafunguliwa. Kaseti mbovu ya zamani, ukiuvuta utepe wake ule mwembamba wa kahawia, hung'ara kuliko utepe wa dukani. Kanga nayo hufaa sana, ila wasome kwanza jina lake, maana nilishamwona bibi harusi wa Kizungu akiondoka kwa furaha na kanga ya kumsuta mke mwenza. Hapo hucheka wote. Mwisho huwaambia: kitu kirefu msikifungie kitambaa cheupe. Wakiniuliza sababu, hujifanya nimeshughulika na mkasi.

Mwaka huu msichana mmoja, Zainabu, hakukubali kupotezwa kwa mkasi. "Kwa nini, Mama Rozi?" aliuliza. Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa. "Na aliyekufundisha hakukwambia sababu?" Nikasema hakuniambia, na huo ulikuwa ukweli, ijapokuwa ulikuwa nusu yake tu. Siku ya pili yake simu yangu ililia, namba nisiyoijua. "Rozi? Ni mie, Salma wa Bi Hidaya. Nyumba ya Mkunazini inauzwa. Nimekuja kutoka Pemba kufunga vitu vya mama. Njoo." Hakuniuliza hali, wala mimi sikumuuliza. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu tusemeshane. Nilisema nitakuja Jumamosi, nikakata simu, nikakaa kitandani mtu mzima wa miaka hamsini na moja, naogopa ngazi za nyumba ile.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule. Mimi na shangazi yangu Fausta tulipanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa moja, ndani ya uchochoro wa Mkunazini ambao mawingu yakitanda kidogo tu ulikuwa unahitaji taa mchana. Kuta zake zilikuwa nene na zenye tabia ya kukuachia chokaa begani, hata kanisani watu wakatujua kwa mabega. Juu aliishi mwenye nyumba, Bi Hidaya, mjane aliyekuwa akishona kofia za kiume, zile za vitobo vidogo vidogo vinavyomaliza macho. Baina ya dari yetu na sakafu yake palikuwa na boriti na udongo, na juu ya kitanda changu udongo ulikuwa umebanduka, ukaacha mwanya wa kidole. Maneno ya juu yalinidondokea pamoja na vumbi. Nilijua kitakachopikwa kabla harufu haijashuka, nilijua nani kaja na kaleta umbea gani, na sikuona kuwa ni kudukua, maana Bi Hidaya mwenyewe wakati mwingine alimaliza habari yake akainama na kuuliza, "Umesikia, Rozi?"

Kati ya juu na chini sahani ndizo zilizokuwa zikipanda na kushuka kuliko sisi. Ramadhani ilishuka sahani ya ndizi mbivu za nazi, imefunikwa kawa, na shangazi hairudishi tupu. Ataweka mayai mawili, au kipande cha boga, au sukari kwenye kikombe. Krismasi ilipanda pilau yetu, na kuku wa pilau hiyo shangazi alimpeleka kwa jirani Mwislamu akachinjwe, ili sahani iweze kupanda bila mtu kujiuliza. Nilipanda na kushuka na sahani hizo, na katika kupanda huko Bi Hidaya alinilea bila ya kutangaza kuwa ananilea. Ndiye aliyenifundisha kwamba hodi ni tatu. "Ya kwanza wakusikie, ya pili wajitengeneze, ya tatu wakukaribishe au urudi zako. Ukipiga ya nne, mwanangu, hiyo si hodi tena, ni ugomvi." Na alikuwa na wazimu wake wa viatu. Hakuweza kupita pahala viatu vimetupwa ovyo. Angeinama, na goti lake la kushoto lililokuwa likimsumbua, avipange sambamba ncha zikitazama nje. "Mwenyewe akitoka asihangaike," alisema.

Kazi yangu ilikuwa katika duka la Mzee Fidahusein, upande wa Gizenga. Alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote, na watalii walipoanza kujaa mjini akapanga vijisanduku vya mbao, viungo na vinyago mbele, lakini nyuma marobota ya bafta nyeupe yalibaki kwenye rafu, na kati yake kaweka vidonge vya kafuri kuzuia nondo na mende. Mimi nilikuwa mfungaji. Mzee hakunifundisha kwa maneno mengi. "Pima karatasi kwa kitu, usipime kitu kwa karatasi," aliniambia siku ya kwanza, na ya pili akaniambia, "Mtu ataona mkono wako kabla hajaona zawadi yake." Karatasi ya kaki ilipokwisha na boti haijaleta nyingine, mimi ndiye niliyewaza kukata bafta miraba na kufunga vijisanduku kwa mafundo, bila gundi wala uzi. Wageni walifurahi kupita kiasi. Walisema kitambaa kitawafaa na baadaye. Nikaanza kujiona fundi, na ukweli ni kwamba nilikuwa fundi. Hilo nalo lilichangia.

Mwezi wa Septemba Salma, binti pekee wa Bi Hidaya, alikuja kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo ada, akae arobaini yake pale. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mchokozi, mwenye kicheko cha kushtua paka. Tulikuwa mashoga toka nilipohamia. "Rozi, wewe utafunga zawadi mpaka siku moja utajifunga na mwenyewe," alikuwa akinitania nikipanda na vipande vya utepe vimenishika nguoni. Alizaa mtoto wa kike, wakamwita Nasra. Nilimpakata kila nilipotoka dukani. Aliishi siku kumi na moja.

Asubuhi aliyofariki niliambiwa nichemshe maji, nikachemsha masufuria mawili, nikayafikisha mlangoni juu, wanawake wakayapokea na mlango ukafungwa. Nilishuka. Sikujua nafasi yangu ni ipi katika shughuli ile, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho nikiwa nimeshika kitambaa cha masufuria. Saa chache baadaye mjomba wake Salma aliteremka akiwa amempakata mtoto kwa mikono miwili, juu yake imetandwa kanga ya Salma nyekundu. Nilisimama akapita. Wanaume wakampokea nje, wakaenda. Nilichokiona mimi ni kanga ile. Kilichokuwa chini yake sikukiona, na wala sikukifikiria.

Baada ya hapo Salma hakutaka watu. Walikuja na maneno mazuri, akawageuzia ukuta. Mimi sikuwa na maneno mazuri. Dua zao sizijui na zetu niliona aibu kuzileta, basi nilipanda na kibakuli cha uji nikakaa. "Usinambie kitu," alisema siku ya kwanza. "Sisemi." "Basi kaa." Hivyo tulikaa Oktoba na Novemba yote, mimi nikikunja vitambaa vya mama yake, yeye akitazama dirisha, na kuelekea Desemba alianza kula uji bila kuambiwa, na siku moja akaniuliza kama ni kweli Wazungu hununua bakora wakati hawana mbuzi wa kuchunga. Nilishuka ngazi nikilia kwa furaha. Nayasema haya ili ijulikane nilikuwa nimepewa nini. Katika nyumba ile yote nilikuwa mtu pekee aliyekubaliwa kukaa naye.

Zawadi niliyoikusudia haikuwa ya Salma. Ilikuwa ya Bi Hidaya. Nilikuwa nimeona anaposali kwamba msala wake umeliwa kwenye magoti mpaka jamvi la chini linaonekana, na goti lake bovu likikaa juu ya jamvi tupu. Nilinunua Darajani msala mwekundu wenye mashada, mzito, wa kuzama mkono. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kumweleza kila mtu, nikajizuia. Wiki hiyo hiyo, dukani, mgeni mmoja alinunua bakora ndefu ya kuchonga, nikavuta bafta nimfungie. Mzee Fidahusein alinishika mkono. "La. Bafta fungia vya mraba. Kirefu kifungie kaki." Nikamuuliza kwa nini. "Ndivyo," alisema, akamgeukia mgeni. Nikajua kwa yakini kwamba anaona uchungu kitambaa, kwa sababu kitu kirefu kinakula zaidi. Nilimcheka moyoni. Leo najua kwamba mzee yule hakutaka kulitaja jambo lenyewe mbele ya wateja, na ndani ya duka lake, na mbele ya msichana aliyekuwa akifurahi. Mimi mwenyewe nimewafanyia vivyo hivyo wasichana wa Paje miaka yote hii, nikajiona nina busara.

Mchana wa kuamkia Krismasi alinipa wari mbili za bafta iwe zawadi yangu, nijishonee shumizi. Nilizipeleka nyumbani mbio. Shangazi alikuwa nje anapembua mchele. Nilitandika bafta kitandani, nikaukunja msala upande ili usizidi urefu wa mkono, nikauviringisha ukakaza. Ndani niliweka vidonge viwili vya kafuri, kama tulivyofanya dukani, nondo wasiuguse. Nilinyunyiza marashi ya mawaridi. Nikauzungushia bafta, ncha nikazikunja vizuri, na kwa kuwa utepe wowote niliouweka juu yake uliniudhi kwa rangi zake, nilichana vipande vitatu vya bafta ile ile nikafunga kwa fundo, mwisho mmoja, mwisho wa pili, na katikati. Nilirudi nyuma hadi ukutani kuutazama. Sijapata kufunga kitu kizuri vile, kabla wala baada. Hakuna rangi, hakuna gundi, hakuna kilichozidi. Nilijiambia kwamba Mzee Fidahusein angeuona angenyamaza.

Tena kulikuwa na namna ya kuitoa. Kwetu zawadi hupelekwa kwa mikono miwili na mpokeaji huiweka pembeni, haifunguliwi mbele ya mtoaji. Ningefanya hivyo, Bi Hidaya angeipokea, angeona ni nini kabla ya mtu mwingine, na yote yangeishia kwenye kicheko. Lakini mteja mmoja wa dukani alikuwa ametusimulia jinsi watoto wake wanavyoamka siku ya Krismasi wakakuta zawadi imekuja tu, hawajui saa ngapi wala kwa mkono wa nani, na jambo hilo liliniingia. Nilitaka waikute. Kwa hiyo alfajiri ya Krismasi, nikiwa nimevaa gauni la kanisani na viatu vipya vyeupe, nilivivua viatu chini ya ngazi, nikaupakata msala mikononi nikapanda kwa kunyata, nikaulaza kwenye kizingiti cha mlango wa juu. Niliunusa mara moja zaidi. Nikashuka, nikaenda na shangazi kanisani, na niliimba kwa sauti siku ile mpaka mama wa mbele akageuka.

Shangazi alibaki kunywa chai na kwaya. Mimi nilirudi mbio kutaka kuona nyuso zao. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na chini ya ngazi palikuwa na makubadhi ya wanawake wengi, na nilipoweka mguu tu nikasikia juu jina langu, likisemwa kwa sauti ambayo jina langu lilikuwa halijawahi kusemewa. Nilivua viatu mlangoni petu kwa miguu, bila kuinama, nikaingia chumbani kwetu na kurudisha mlango polepole. Nilisimama chini ya ule mwanya.

"Na kafuri ndani!" Ilikuwa sauti ya Mwanakheri, jirani wa nyumba ya pili. "Mtu hakosei mpaka kafuri."

"Mtoto hajui," alisema Bi Hidaya.

"Hajui! Kazaliwa Unguja hii hii, hajui sanda?"

"Kuijua na kuiona ni mbali mbali. Kaiona wapi yeye?"

Kisha nikamsikia Salma. Hakuwa akilia. Alisema taratibu, kama mtu anayejieleza mwenyewe. "Kaniwekea mlangoni, mama. Nimefungua mlango nikachukue mkate, nimemkuta. Kalala pale. Nimemkuta."

"Msala, mwanangu. Njoo uone, ushike. Msala huu."

"Siutaki. Na yeye simtaki. Asinipandie tena huku juu."

Sasa ndipo nilipoelewa, kitu kimoja kimoja, nikiwa nimesimama na gauni langu la sikukuu. Bafta. Mafundo matatu. Marashi. Kafuri. Urefu wa mkono, na mikono yangu miwili ikipanda nao ngazi zile zile alizoteremka nazo mjomba. Nilikuwa najua kwamba Waislamu huzikwa kwa bafta. Nani Unguja asiyejua? Nilijua kwa kusikia.

Baadaye wanawake wakashuka mmoja mmoja, wakavaa makubadhi yao, wakaenda. Halafu nikasikia hatua ninazozijua, mguu mmoja mzito kuliko mwingine. Bi Hidaya alisimama nje ya mlango wetu. "Hodi," alisema. "Rozi." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kuna neno moja tu la kuitikia ukiitwa na mkubwa, na nilikuwa nimelitamka kila siku ya maisha yangu bila kulifikiria. "Hodi, Rozi," alisema tena. Niliziba mdomo kwa kiganja. Niliona haya, hilo nimelikiri kwa padri na kwa kila aliyenisikiliza. Lakini palikuwa na kingine ambacho sikukikiri: nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimetoa kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo na wamekiita sanda. Nilitaka waumie kidogo kwa kunikosa. "Hodi, mwanangu." Hiyo ya tatu ilikuwa ya chini kabisa, ya kuambiwa mtu aliye karibu. Nikasikia pumzi yake ikifanya kazi, kisha hatua zikapanda.

Jioni shangazi alirudi akaniuliza kuna nini juu, nikasema sijui. Alipandisha sahani ya pilau mwenyewe. Mimi nilitoka nikaenda kwa binti mmoja wa kanisani aliyekuwa ameniambia kwamba hoteli moja Kendwa inatafuta watandikaji wa vyumba, na baada ya siku mbili niliondoka na begi moja, asubuhi Bi Hidaya alipokuwa sokoni. Nilimwachia Mzee Fidahusein barua ya mistari miwili chini ya mlango wake. Shangazi naye mwaka uliofuata alihama, akahamia Kwahani, na sikuwa tena na sababu ya kupita Mkunazini. Nilijipa sababu nyingine: Salma kasema hanitaki. Niliibeba sentensi ile kama kibali. Mwaka wa pili nilisema bado mapema. Mwaka wa nne nilisema sasa nimechelewa, nitaonekana kituko. Mwaka wa sita muuza mboga wa mjini alitaja kwa kupita kwamba Bi Hidaya mshona kofia amezikwa siku tatu zilizopita. Nilipiga pasi mashuka siku nzima. Hata kwenye hitima sikwenda, nikajiambia kwamba nitamtonesha Salma kidonda. Mtu akitaka kutokwenda pahala, hakosi huruma ya kujisingizia.

Jumamosi nilifika Mkunazini saa nne. Chumba chetu cha chini kimejaa mifuko ya saruji. Wanunuzi watafanya hoteli. Nilisimama chini ya ngazi, nikakohoa, sikujua nianzeje. "Rozi?" sauti iliita kutoka juu.

"Naam," nikasema. Lilitoka jepesi, kama kwamba halikuwahi kukwama, na wepesi ule ulinikasirisha kuliko kitu chochote siku ile. Nilipanda, nikavua viatu mlangoni, nikaingia.

Salma amekuwa mtu wa miwani na miguu mizito. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Umenenepa," alisema. "Na wewe," nikamwambia. Tukakumbatiana hapo, tukakaa tumeshikana muda mrefu, hakuna aliyetangulia kuachia. Alinimiminia kahawa, akanipa visheti alivyokuja navyo kutoka Pemba, akaniambia habari za watoto wake wanne, nikamwambia za wangu wawili. Kote chumbani vitu vya mama yake vilikuwa vimekunjwa mafungu mafungu. Kutoka fungu moja akauvuta msala mwekundu. Mashada yalikuwa yamebaki machache. Penye magoti na penye paji la uso ulikuwa umeliwa mpaka nyuzi za chini zinahesabika.

"Wako huu," alisema.

"Si wangu. Wa mama."

"Kausalia mpaka kafa. Toka siku ile ile, adhuhuri. Nikamwambia, mama, utawezaje? Kanambia, nguo haina kosa, mwanangu." Akachukua kutoka kwenye kijisanduku kofia ndogo ya mtoto, nyeupe, imejaa vitobo vya sindano. "Na hii ndo bafta yako. Kamshonea Abdalla wangu nilipomzaa. Nlipomvika ndo nlipolia kilio cha Nasra, Rozi. Mpaka hapo nlikuwa sijalia."

Sikuweza kumwangalia. Nilisema nikiwa nimeikamata kofia. "Salma. Siku ile mama alipokuja kunipigia hodi, nilikuwemo ndani."

Aliendelea kukunja. "Nnajua. Na mama kajua pale pale. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, kimoja huku kimoja kule. Kapanda juu, kanambia, 'Yumo, kaona haya. Nimempangia viatu vyake. Akiwa tayari atapanda.' Kina Mwanakheri waliporudi kukuulizia kawaambia hayupo, yuko kanisani, wasije wakakuvamia. Na kila Krismasi, Rozi, mama alikuwa hatoki asubuhi. Mlango kauacha wazi. Mie nikimwambia, mama, huyo hatokuja, kamtume mtu basi. Hataki. Ananambia, 'Mie nshapiga zangu tatu. Sasa ni zake.'"

"Wewe ulisema hunitaki."

"Siku ile! Siku ile nlikuwa sijitaki hata mwenyewe. Nimesema neno la siku moja, wewe umelichukua la maisha." Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Kuna jambo ambalo hata hapa juu nimeliruka, na sikuwa nimekusudia kuliandika. Jioni ile ya Krismasi, nilipotoka chumbani, nilivikuta viatu vyangu vyeupe nje ya mlango vimekaa sambamba, ncha zikitazama nje. Shangazi alikuwa amesharudi, na nilijiambia ni yeye. Shangazi Fausta hakupata kupanga kiatu cha mtu maisha yake yote. Nilijua ni mkono wa nani. Nilijua amejua. Nilivivaa, kwa urahisi, bila kuhangaika, kama alivyotaka, nikaenda navyo kutafuta kazi ya Kendwa. Kosa la bafta lilikuwa la mtoto asiyejua, na nadhani Mungu alilisamehe kabla jua halijachwa. Hili la viatu nililifanya nikijua, na nilikuwa na Krismasi sita za kulirekebisha.

Salma alitaka kuufunga msala katika gazeti niondoke nao. Nikamwambia usiufunge, nitaubeba hivi hivi. Nimekusudia nikirudi Paje nimwambie Zainabu sababu, yote, na akilia alie. Salma alikuwa akichambua ufunguo gani ni wa wapi, nikamuaga, akasema nisipotee tena, nikasema sipotei. Nilitoka na msala mikononi. Mlangoni nilivikuta viatu vyangu kama nilivyovivua, kimoja huku kimoja kule. Nilisimama nikivitazama. Kisha nikainama, na magoti yangu siku hizi hayapendi kuinama, nikavipanga sambamba, ncha zikitazama nje, halafu nikavivaa.